Msisingizie hewa ya Tabora

Wiki mbili zilizopita fundi mmoja hapa Isevya alinitazama machoni akaniambia pikipiki yangu imenoki kwa sababu ya hewa. "Kaka, hii injini ulizoea kuiendeshea Kigoma. Hewa ya huku nyepesi." Mkononi nilikuwa nimeshika pistoni, imechubuka upande mmoja kama kiazi kilichomenywa na mtoto.

Haya, tuizungumze hiyo hewa. Kigoma mjini pale ziwani ni chini kidogo ya mita 800 kutoka usawa wa bahari. Tabora tuko kwenye 1,200 hivi. Kweli, hewa yetu ni nyepesi kidogo. Lakini hewa ikipungua na jeti (kitundu cha kabureta kinachopima petroli) ni ileile, petroli ndiyo inayozidi! Pikipiki inakuwa nzito, moshi mweusi, plagi inatoka na masizi. Plagi yangu ilitoka nyeupe kama unga wa muhogo. Nyeupe maana yake petroli haikutosha, joto likapanda, pistoni ikatanuka mpaka ikang'ang'ania silinda. Hiyo hewa unayoilaumu, fundi, ilikuwa inanitetea.

Kilichoniua ni mpira unaounganisha kabureta na injini. Kabureta niliyoweka, PWK ya milimita 28 (ndiyo, kwa pikipiki kama yangu, XL ya 125, ni kubwa mno, ni tamaa, nimekubali, tuendelee), haikai kwenye mpira wa kabureta ya mwanzo. Basi fundi, bwana mkubwa, akakata mpira wa pikipiki nyingine, akabana kwa waya, akapaka gundi. Petroli ikaila gundi, upepo ukawa unaingia pembeni. Sailensi (injini ikinguruma bila kuvuta mafuta) ikiyumba, yeye anazungusha skrubu. Bisibisi mkononi, sikio limeinama, macho kafumba kama anasikiliza redio. "Imeshakaa hiyo."

Imekaa wapi? Sailensi ni skrubu na jeti ndogo. Ukivuta katikati, kazi ni ya sindano iliyo ndani ya kabureta. Robo tatu kwenda juu, jeti kubwa ndiyo inayolisha, na mimi nilikuwa barabara ya Urambo nimevuta mpaka mwisho. Jeti kubwa hakuifungua hata kusoma namba yake!

Kwenye tapeti, yaani kuseti nafasi za valvu, sikio lake naliheshimu, linashinda fila yangu, vile vibati vya kupimia nafasi. Ila injini iliyofungwa upya haibahatishwi: petroli ikizidi inaosha oili kwenye silinda, ringi mpya hazikai, ikipungua, ndiyo mimi huyu na pistoni mkononi.

Nimefunga pistoni ya ovasaizi, kubwa kidogo kuliko ya mwanzo, safari hii na mpira wake halisi. Tapeti kwanza, kisha floti (boya la petroli kwenye kabureta), ndipo nikawasha. Nikapaka grisi kuzunguka kiungo cha mpira nione kama sailensi itabadilika, ikabaki vilevile. Sijaivuta mpaka mwisho, ringi bado changa, lakini plagi inatoka rangi ya chai ya maziwa. Inakohoa kidogo ninapovuka robo kwenda nusu. Kesho nashusha klipu ya sindano hatua moja, sindano ipande, petroli iongezeke hapo katikati.

Fundi bado ananidai 15,000 ya kuseti.