Hizo Maneno Ngumu za Kizungu Unazikusanya za Nini?

Kuna hii tabia imeshika sana Nairobi, ya magrupu ya WhatsApp ambapo kila asubuhi mtu anaposti neno moja gumu la Kizungu, maana yake, na sentensi moja hapo chini, alafu watu wanagonga laiki na kuendelea na mambo yao. Sina ubaya na mtu anayetaka kuongeza Kizungu, kazi za huku mjini zinakitaka na hatuwezi kujifanya hatujui. Mi shida yangu ni hizo sentensi.

Chukua "parsimonious", yaani mtu bahili. Utapewa "My uncle is a parsimonious man." Sasa hapo umeshika nini? Toa hilo neno uweke tall, weka rich, hata weka dead, sentensi bado imesimama tu. Sentensi yenye kazi ni ile ambayo neno likitolewa, mtu anaweza kubahatisha ni nini kilikuwa pale. Andika ya landilodi wako huko Umoja: "Our landlord is so parsimonious that he switches off the staircase bulb at seven and tells us to use our phones." Hiyo haitoki kichwani, maana hizo ngazi unazipanda kila siku, giza lake unalijua, na simu yenyewe iko asilimia nne.

Nadhani hii kitu tulitoka nayo shule. Enzi za KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, kabla uishe 2023, insha ya Kizungu ilikuwa lazima ianze na jua linachomoza na ndege wanaimba, hata kama stori ni ya ajali ya usiku. Ukitupia neno gumu unapigiwa tiki nyekundu. Ndio tukakua tukajua neno ni pambo, na ndio maana mtu anaomba kazi ya kuuza simu na barua yake inasoma kama hati ya mahakama.

Na tukisema mahakama, kumbuka 1 Septemba 2017, Jaji Mkuu Maraga aliposoma uamuzi wa kufuta uchaguzi wa urais. "Invalid, null and void." Mwezi haukuisha kabla hiyo null and void kuingia kwa matatu, kwa kinyozi, kwa watu wanaodaiana pesa. Hakuna aliyefungua kamusi. Watu waliisikia ikifanya kazi, wakaona imefuta nini, na wakaishika ikiwa mzima mzima, null na void pamoja, vile inavyotembea.

Hiyo ya kutembea pamoja ndio watu wanaruka. Neno la Kizungu lina wenzake. "Mitigate", yaani kupunguza makali, utaikuta na risk, na damage, na effects za ukame, na pale mahakama ya Milimani mtu akishapatikana na hatia anapewa nafasi ya mitigation, aeleze hakimu kwa nini apunguziwe adhabu. Lakini huwezi kwenda kumitigate shemeji yako aliyekasirika. Kwa hivo ukiandika neno kwa daftari, andika na wale linaokaa nao, la sivyo utajua maana na bado sentensi itatoka imepinda.

Alafu kuna swali la uanze na gani. Averil Coxhead, mtafiti wa New Zealand, alitoa orodha mwaka 2000 yenye familia 570 za maneno (familia ni neno na ndugu zake, kama assess na assessment), zile zinazojirudia kwa maandishi ya masomo ya kila aina ukishatoa yale maneno 2000 ya kawaida, na peke yake zinabeba karibu asilimia kumi ya hayo maandishi. Ni maneno kama assess, derive, significant, consequent. Hayana mbwembwe, hakuna mtu wa grupu anaweza kuyaposti, lakini mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi anayapata karibu kila ukurasa na akiyayumbia asainmenti nzima inayumba. Mi ningeanza hapo, hizo zingine zije polepole nikizikuta kwa gazeti.

Najua kuna mtu ataniambia kwa intavyu wanapima Kizungu. Sawa, ingia na "perspicacious" yako. Wale watatu wa mbele yako wataitikia kwa kichwa, mmoja ataandika kitu kwa karatasi, alafu watakuuliza unaweza kuanza lini na unataka mshahara wa ngapi.