Mwavuli wa Solidarność na waliolowa

Agosti 1980, wafanyakazi wa kiwanda cha kuunda meli cha Lenin mjini Gdańsk, Polandi, waligoma baada ya mwenzao, mwendesha kreni Anna Walentynowicz, kufukuzwa kazi akiwa amebakiza miezi mitano tu astaafu. Madai yao 21 waliyaandika kwenye mbao na kuzitundika langoni. Dai la kwanza ni vyama huru vya wafanyakazi. La 13 ni kadi za mgao wa nyama. Uhuru na kitoweo viliandikwa kwenye orodha moja, na hakuna dai hata moja lililoomba soko huria.

Soko huria likaja hata hivyo, miaka 10 baadaye, likiletwa na serikali iliyozaliwa na Solidarność (yaani Mshikamano), chama cha wafanyakazi kilichotokana na mgomo huo. Wapo wanaoamini kwamba nguvu ya wananchi waliojipanga ndiyo iliyoyaokoa mageuzi ya uchumi Polandi. Wengine wanasema mageuzi hayo ndiyo yaliyowavunja mgongo wananchi hao. Ukweli upo kote kuwili, ila mimi naona wa pili hawajasikilizwa vya kutosha.

Hoja ya kwanza ina mashiko. Mwaka 1981 Solidarność ilikuwa na wanachama karibu milioni 10. Ilipigwa marufuku na serikali ya kikomunisti, ikaishi mafichoni, na katika uchaguzi wa Juni 1989 wagombea wake wakatwaa viti vyote 161 vya Sejm, bunge la chini, walivyoruhusiwa kuwania, pamoja na 99 kati ya 100 vya Seneti. Kwa hiyo Waziri wa Fedha Leszek Balcerowicz alipoziachia bei zipangwe na soko badala ya serikali Januari 1, 1990, nyuma yake walisimama watu walioaminika. Mfumuko wa bei mwaka huo ulizidi asilimia 500, na nchi haikulipuka. Jacek Kuroń, aliyeonja jela za wakomunisti zaidi ya mara moja, sasa alikuwa Waziri wa Kazi, na alikuwa akikaa mbele ya kamera za televisheni akiwaeleza watu kinachoendelea. Posho ya wasio na ajira, na hata supu ya bure, watu waliipa jina lake: kuroniówka. Imani ya namna hiyo haikopwi kwa mfadhili yeyote.

Urusi haikuwa nayo. Huko bei ziliachiwa Januari 1992, na kufikia 1995 na 1996 makampuni makubwa ya mafuta na nikeli yalikuwa yakiangukia mikononi mwa wachache walioikopesha serikali. Polandi ubinafsishaji ulikwenda taratibu, kwa sababu mabaraza ya wafanyakazi viwandani yalikuwa na kauli. Wataalamu walilalamika kwamba yanachelewesha mambo. Kuchelewa huko, nadhani, kuliiepusha nchi na mengi, na uchumi wake ulianza kukua tena mwaka 1992.

Lakini nani alilipa? Viongozi wa Solidarność walisema chama kitakuwa mwavuli wa serikali ya mageuzi. Chama cha wafanyakazi kikishika mwavuli juu ya serikali, mfanyakazi anabaki mvuani. Nchi ambayo chini ya ukomunisti rasmi haikuwa na wasio na ajira ilifika 1993 ikiwa na zaidi ya asilimia 16. Mei mwaka huo wabunge wa Solidarność wenyewe waliiangusha serikali iliyotokana na kambi yao, kwa tofauti ya kura moja, na Septemba wapiga kura wakawarudisha madarakani warithi wa chama cha kikomunisti.

Sisemi bei zisingeachiwa. Maduka yalikuwa matupu. Kosa lilikuwa kuchukulia ukimya wa wanachama kama ridhaa. Mkataba kati ya serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi kuhusu viwanda vya umma ulitiwa saini Februari 1993, miaka mitatu baada ya maumivu kuanza. Mazungumzo yaleyale yangewezekana 1990, wakati imani ilikuwa bado mbichi.

Walioumia zaidi hawakufikiwa hata na mkataba huo. Mashamba ya serikali yalianza kufilisiwa kwa sheria ya 1991. Nyumba za watu, chekechea na duka vyote vilitegemea shamba. Shamba lilipofungwa, kijiji kizima kilibaki kwenye maghorofa katikati ya nyika, mbali na basi na mbali na kazi. Wachimba makaa wa Silesia waliweza kugoma hadi Warszawa ikasikia. Mkamua ng'ombe ambaye shamba lake limeshafungwa angemgomea nani?