Sindano kidoleni, mwanga kisogoni: picha ya ubongo inathibitisha nini?

Pembeni mwa ukucha wa kidole kidogo cha mguu, upande wa nje, kuna nukta ambayo tiba ya Kichina inaiita Zhiyin. Kwenye ramani za kimataifa za akyupancha, yaani tiba ya sindano, imeandikwa BL67. Mapokeo yanasema ukiichoma sindano unatibu macho. Hakuna mshipa wa fahamu unaotoka kwenye kidole hicho hadi jichoni, na ndiyo maana dai hili linapimika vizuri.

Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, wakiongozwa na Zang-Hee Cho, walichapisha majibu yao katika jarida la PNAS. Waliwalaza watu 12 kwenye MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, wakawamulika macho kwa mwanga wa kumetameta, kisha wakawachoma nukta za mguuni zinazohusishwa na macho. Eneo la ubongo linaloshughulikia kuona, kule kisogoni, liliitika mara zote mbili. Walipochoma sentimita 2 hadi 5 kando ya nukta, halikuitika. Makala ilinukuliwa sana. Mwaka 2006 wengi wa waandishi wake, Cho mwenyewe akiwemo, waliiondoa: hawakuyaafiki tena matokeo yao, na walikuwa wamefikia hitimisho kwamba nukta moja haina kazi yake mahususi, angalau katika kutuliza maumivu.

Ili kuona mambo yalivyoweza kwenda kombo, inabidi kujua mashine inapima nini. MRI ya aina hii haipigi picha ya fikra, sembuse chi, nguvu ya uhai ambayo tiba ya Kichina inasema hupita mwilini. Inafuata damu. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi, damu yenye oksijeni humiminika hapo kuliko inavyotumika, na himoglobini iliyobeba oksijeni haiathiri sumaku sawa na ile iliyokwisha kuiachia. Tofauti ya ishara ni asilimia 1 hadi 3 hivi, na kilele chake huja sekunde 5 au 6 baada ya tukio. Ubongo hugawanywa kuwa vokseli, vijichemba vya kama milimita 3 kila upande, na kila kimoja hufanyiwa hesabu yake. Ukikubali kosa 1 katika kila 1,000 na una vokseli 50,000, tegemea 50 "ziwake" bure. Mwaka 2009 Craig Bennett na wenzake walimtia samoni mfu kwenye mashine, wakamwonyesha picha za watu, na kwa hesabu isiyosahihishwa ubongo wake ukaonekana unashughulika. Ni mzaha, lakini tangu hapo ukiona picha yenye madoa mekundu, la kwanza kuuliza ni kama hesabu ilisahihishwa.

Sindano inaongeza matatizo yake. Chuma cha kawaida hakifai karibu na sumaku, kwa hiyo hutumika metali isiyovutwa. Mchomaji husokota sindano, mguu unashtuka, kichwa kinasogea milimita 1, na kingo za ubongo zinabadilika mwanga kwa sababu ya mwendo tu. Halafu kuna kosa ambalo watetezi wa tiba hii wana haki ya kulilalamikia. Kwa kawaida jaribio hupishanisha vipindi: sokota, pumzika, sokota tena, kisha vipindi vya kusokota vinalinganishwa na vya kupumzika. Anayechomwa vizuri hupata kile Wachina wanachokiita deqi, yaani ganzi, uzito, hali ya kujaa, na hisia hiyo haiishi mkono wa mchomaji unapoacha kusokota. Kipindi cha "mapumziko" kinakuwa kimeshachafuka, na mpimaji analinganisha sindano na sindano.

Gumu kuliko yote ni kupata cha kulinganishia. Mwaka huohuo wa 1998 Mjerumani Konrad Streitberger alieleza sindano bandia yenye ncha butu inayozama ndani ya mpini wake, kama kisu cha waigizaji. Mgonjwa anahisi kitu kimemdunga wakati ngozi haijatobolewa. Hiyo inapima kama kutoboa kuna umuhimu. Kuchoma kwa kweli nje ya nukta kunapima jambo jingine: kama nukta ina umuhimu. Ujerumani walipima la pili kwa wagonjwa 1,162 wa maumivu ya kiuno, matokeo yakatoka 2007. Baada ya miezi 6 waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6 kwa nukta halisi, 44.2 kwa sindano ya juujuu nje ya nukta, na 27.4 kwa tiba ya kawaida. Mtetezi anazishika namba ya kwanza na ya tatu. Mpinzani ya kwanza na ya pili. Wote wanasoma jedwali moja.

Kuna jibu la watetezi lenye uzito zaidi. "Ini" la tiba ya Kichina, wanasema, si kile kiungo kilicho chini ya mbavu za kulia. Ni jina la mkusanyiko wa kazi za mwili, na mikondo ya chi si mabomba. Sawa. Lakini hoja hiyo ina gharama. Kama hakuna picha inayoweza kuikanusha nadharia, basi hakuna pia inayoweza kuithibitisha, na kliniki haina sababu ya kutundika ukutani picha za ubongo uliowaka. Utafiti wa Cho wa 1998 ulikuwa na mtego huu ndani yake: ishara ilipanda kwa baadhi ya watu na kushuka kwa wengine, na waandishi wakaiona tofauti hiyo kuwa ya yin na yang. Ishara ikipanda umeshinda, ikishuka umeshinda. Kwangu, hilo ni kosa kubwa kuliko hesabu.

Mikondo yenyewe iliwahi kutafutwa. Katika miaka ya 1980 Wafaransa Pierre de Vernejoul na Jean-Claude Darras walidunga teknishiamu-99m, dawa yenye mnururisho, kwenye nukta na kuifuata kwa kamera ikipanda mguuni. Ilionekana kama meridiani, yaani hiyo mikondo ya chi. Watafiti wengine wa hukohuko Ufaransa waliporudia, njia ile ikawa ya mishipa ya kawaida inayorudisha damu.

Wapinzani nao wana uzembe wao: wanaona sindano bandia imesaidia, wanafunga faili. Mwaka 2000 Kathleen Hui na wenzake huko Boston walichoma Hegu, nukta iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, kwa watu 13. Waliopata deqi, ishara ilishuka kwenye amigdala na hipokampasi, sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na kumbukumbu. Wawili waliosikia maumivu tu, ilipanda. Hilo halisemi lolote kuhusu meridiani, ila linasema aina ya hisia ina uzito.

Jaribio lililopangwa vizuri kuliko haya yote, kwa maoni yangu, ni la 2017, la kundi la Vitaly Napadow, kwa wagonjwa 80 ambao mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono. Walipata vikao 16 katika wiki 8: sindano halisi zenye umeme mkononi, au kwenye kifundo cha mguu wa upande wa pili, au bandia. Dalili zilipungua kwa makundi yote matatu. Lakini kasi ya ishara kwenye mshipa uliobanwa ilitengemaa kwa sindano halisi tu, na ramani za kidole cha shahada na cha kati, ambazo kwenye ubongo wa wagonjwa hawa huwa zimesogeleana, zilitengana tena. Utengano huo ulitabiri nani angekuwa bado na nafuu baada ya miezi 3. Hapa picha haikusimama peke yake: pembeni yake kulikuwa na kipimo cha mshipa na fomu ya dalili. Na fomu hiyo ndiyo iliyoonyesha kwamba waliopewa sindano bandia nao walipata nafuu.