Kauboi wa Nyumbani Alikatwa Pembeni

Wengi wetu wa Afrika Mashariki tulioko Marekani tunashtuka kujikuta tumenogewa na filamu za zamani za kauboi. Wenyeji wanadhani tumeambukizwa mapenzi ya kwao. Wapi! Kauboi tulimjua kitambo, ila nyumbani tulimwona nusu.

Nusu kwa hesabu kabisa. Once Upon a Time in the West (1968) ya Mwitaliano Sergio Leone ina upana mara 2.35 ya kimo chake. Runinga ya kichogo ya kibanda umiza ilikuwa 4 kwa 3, yaani mara 1.33. Ili picha ijaze kioo, waliotengeneza mkanda walikata pembeni, ikabaki kama asilimia 57. Sasa Leone anamweka mmoja mwisho wa kushoto na adui yake mwisho wa kulia, katikati vumbi tupu. Ukikata hapo unabaki na mtu anayekodolea macho hewa, kisha mlio, kisha mwingine kaanguka. Ndiyo maana watu walisema filamu hizi hazina kichwa wala miguu.

Sauti nayo ilikuwa na lake. Mkanda ulitafsiriwa juu kwa juu, kwa mtindo uliompa jina Lufufu kule Dar na DJ Afro kule Kenya. Ni ufundi mkubwa, na anayeubeza hajawahi kujaribu. Lakini mtafsiri hawezi kunyamaza, na filamu hizi zinaendeshwa na ukimya. Mwanzoni mwa hiyo ya 1968 watu watatu wanasubiri treni stesheni, dakika nenda dakika rudi, karibu bila neno. Kinasikika kinu cha upepo kikilia kama kimekosa grisi. Maji yanamdondokea mmoja kwenye kofia, tone kwa tone. Hasogei, anayaacha yajikusanye, mwishowe anavua kofia na kuyanywa. Mwingine anamnasa nzi ndani ya mtutu wa bastola na kumsikiliza akivuma. Weka maneno juu ya hayo, kazi yote imekwenda na maji.

Huku picha nzima ni ya bure. Kadi ya maktaba ya umma kwa kawaida inataka kitambulisho na bili yenye anwani yako, basi. Unaazima DVD, na maktaba nyingi zinakufungulia Kanopy, huduma ya kutazama filamu mtandaoni. Tatizo linahamia kwenye runinga. Mistari myeusi juu na chini si hitilafu: kwenye kioo cha 16 kwa 9 inakula karibu robo ya kimo, na ukiikuza picha ili mistari iondoke, umekata robo ya pembeni kama kibandani. High Noon (1952) ni ya 1.37, kwa hiyo weusi utakuwa kushoto na kulia; ukiivuta ijae, steringi wake Gary Cooper ananenepa. Ingia pia kwenye mipangilio ya picha, tafuta kipengele chenye neno “Motion”, kizime. Filamu ilipigwa picha 24 kwa sekunde. Runinga ikibuni picha za katikati, farasi anateleza kama yuko kwenye barafu. Midomo isiyolingana na maneno kwenye filamu za Waitaliano, hiyo usihangaike nayo. Sauti iliingizwa studio baadaye.

Ambacho maktaba haiazimi ni watu. Katika High Noon steringi anazunguka mji kuomba msaada, mlango kwa mlango kama balozi wa nyumba kumi, hadi kanisani, na kila mtu ana udhuru. Huku unaitazama peke yako, jirani humjui hata jina. Kibandani wale waumini wangejibiwa na ukumbi mzima. Waliofaidi ni wazee walioziona pale Drive-In ya Msasani, ulipo ubalozi wa Marekani leo: upana wote, na umati pia.

Ukitaka kuwapelekea wa nyumbani, angalia namba ya kanda (region), yaani eneo la dunia ambalo diski ilitengenezewa. DVD ya Marekani ni kanda ya 1, deki ya Afrika Mashariki ni ya 5. Itakataa, labda iwe deki inayosoma kanda zote. Blu-ray nazo zinatofautiana: huku A, kule B. Uliza kabla hujafunga pipa la mzigo, na waambie waiache mistari myeusi ilivyo.