Ukifika Saint-Malo, Ikumbuke Kilwa

Wageni wengi wanaozuru Bretagne, mkoa wa Ufaransa unaochomoza katika bahari ya Atlantiki, huanzia Saint-Malo, hupanda juu ya ukuta wa mji, hupiga picha na kuondoka. Kwa maoni yangu, anayetoka pwani yetu akifanya hivyo amerudi na nusu ya habari.

Mji wenyewe, sikatai, unavutia. Bamvua la Zanzibar hupandisha maji kiasi cha mita 4, ilhali la Saint-Malo hupita mita 12. Yalipokupwa, niliona njia ya mawe ikiibuka mchangani, nikavua viatu na kuvuka, mwani ukiniteleza chini ya nyayo, hadi kisiwa cha Grand Bé alikozikwa mwandishi Chateaubriand mwaka 1848, chini ya msalaba wa jiwe usio na jina. Mtu akichelewa huko, maji humfungia saa kadhaa.

Wapo wanaodai kwamba ukale wa mji ni wa bandia, kwa kuwa sehemu kubwa ya majumba iliteketea Agosti 1944 ikajengwa upya. Hilo halinisumbui, aliyejenga nyumba yake ilipoungua hana kosa. Linalonisumbua ni sanamu ya Robert Surcouf, haramia aliyekuwa na kibali cha serikali, anayenyoosha kidole kuelekea baharini. Mwongoza wageni wetu alisimulia kwa madaha jinsi alivyoiteka meli ya Kiingereza iitwayo Kent mwaka 1800, lakini hakugusia kwamba alisafirisha pia watumwa katika Bahari ya Hindi, hata baada ya Ufaransa kupiga marufuku utumwa mwaka 1794. Kasri la Combourg, kusini mwa Saint-Malo, nalo lilinunuliwa mwaka 1761 na baba yake Chateaubriand, aliyechuma mali yake baharini, biashara ya watumwa ikiwamo.

Sisi tunaujua upande wa pili. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka, wa kupelekwa kwenye mashamba ya Île de France, ambayo leo ni Mauritius.

Kwa hiyo ningerudi Bretagne leo, ningeanzia kusini, katika ngome ya Port-Louis karibu na Lorient, penye makumbusho ya kampuni ya Kifaransa iliyofanya biashara hadi India na China. Saint-Malo ningeiacha iwe ya mwisho, na mbele ya sanamu ile ningekuwa na maswali ya kumuuliza mwongozaji.