Lee Seung-woo: alizimwa na FIFA, au kipaji chenyewe kilikuwa na mipaka?

Ukitaka kumwelewa Lee Seung-woo, winga wa Korea Kusini, anza na mechi moja: robo fainali ya michuano ya Asia ya vijana chini ya miaka 16, Bangkok, Septemba 2014, Korea Kusini dhidi ya Japani. Kabla ya mechi kijana alishatamba kwamba Japani hawamtishi. Bao la kwanza akafunga yeye. Kipindi cha pili kilipoanza tu akapokea mpira akiwa bado nusu ya kwao, akaanza kuukokota, Wajapani wakawa wanamfuata na kuachwa, akamzunguka kipa na kuusukuma mpira kwenye goli tupu. Korea Kaskazini ndio waliobeba kombe, lakini tuzo za mfungaji bora na mchezaji bora zilikwenda kwake. Alikuwa na miaka 16, mali ya Barcelona, na kwao walishaanza kumwita Messi wa Korea.

Ulaya ya wakubwa hakuitikisa kamwe. Verona ya Italia, Sint-Truiden ya Ubelgiji, Portimonense ya Ureno kwa mkopo, kisha mwishoni mwa 2021 akarudi nyumbani kusaini Suwon FC. Mashabiki wake wana jibu moja kuhusu kilichotokea: FIFA. Wasiompenda nao wana lao: hakuwa na kiwango walichomvisha.

Tuanze na FIFA, maana hapo kuna hoja nzito. Lee alijiunga na Barcelona mwaka 2011 akiwa na miaka 13. Ibara ya 19 ya kanuni za usajili za FIFA inakataza klabu kusajili mchezaji wa chini ya miaka 18 kutoka nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache, kwa mfano wazazi wawe wamehamia huko kwa shughuli isiyohusiana na soka. Mwaka 2013 FIFA ikawazuia Lee na Wakorea wenzake wawili, Paik Seung-ho na Jang Gyeol-hee, kucheza mechi rasmi. Aprili 2014 klabu yenyewe ikahukumiwa: faini ya faranga za Uswisi 450,000 na kufungiwa madirisha mawili ya usajili. Barcelona ilikata rufaa, adhabu ikasogezwa, na katikati ya mwaka huohuo ikamnunua Luis Suárez. Watoto hawakuwa na pa kukata rufaa. Lee alikaa bila mechi rasmi ya klabu hadi alipotimiza miaka 18, Januari 2016. Baadaye katazo lilikaza hadi kwenye mazoezi, akalazimika kurudi Korea kujifua huko.

Miaka mitatu hiyo, kati ya 15 na 18, ndiyo winga hujifunza lini apige chenga na lini aachie pasi. Mazoezini haifundishwi yote, maana mwenzako hakukati buti. Mechi za timu ya taifa ya vijana hazikutosha kuziba pengo. Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 nchini Chile, 2015, Korea iliifunga Brazil 1-0, ikaja kutolewa na Ubelgiji 2-0, na penalti iliyopotea siku hiyo ilikuwa ya Lee. Sisemi ingekuwa bao kama angekuwa anacheza kila wiki. Ila mguu usio na mechi huonekana.

Upande wa pili nao una lake, na sisi Waafrika tunapaswa kuwa wa mwisho kuudharau. Kanuni ile haikutungwa kwa chuki na Barcelona. Ilitungwa kwa sababu mawakala wa uongo walikuwa wanachukua watoto, wengi wao kutoka Afrika Magharibi, wanawapeleka Ulaya kwa majaribio na kuwatelekeza mitaani wanaposhindwa. Ukiifungulia Barcelona mlango kwa kuwa inalea vizuri, utamfungia nani? Kosa la FIFA, kwa maoni yangu, ni kumwadhibu mtoto sawasawa na aliyemsajili. Kanuni yenyewe ibaki.

Halafu kuna Takefusa Kubo, na hapa ndipo utetezi wa mashabiki wa Lee unapoanza kuvuja. Mjapani huyu naye aliingia Barcelona 2011, naye akabanwa na kanuni ileile. Mwaka 2015 alifungasha, akarudi Japani, akajiunga na FC Tokyo, na akiwa na miaka 15 alikuwa anacheza ligi daraja la tatu na watu wazima. Mwaka 2019 Real Madrid ikamchukua, kisha Real Sociedad ikampa nafasi ya kudumu. Na si jitu. Naye ni mfupi kama Lee.

Hata hivyo, wanaomnyooshea Kubo kidole cha sifa husahau umri. Mwaka 2015 Kubo alikuwa na miaka 13. Kusubiri kungemgharimu zaidi ya miaka minne. Lee alikuwa na 17, amebakiza miezi. Ungemwambia mzazi gani amtoe mwanawe Barcelona kwa ajili ya miezi? Uamuzi uliopaswa kufanywa ulikuwa wa 2013, na mwaka huo hakuna aliyejua kesi itachukua muda gani. Lee Kang-in naye alitua Hispania mwaka huohuo wa 2011, upande wa Valencia, familia yake ikahamia huko. Yeye hakufungiwa. Oktoba 2018, akiwa na miaka 17, akacheza mechi yake ya kwanza na wakubwa, na sasa tunamjua wa PSG.

Kwa hiyo FIFA ilimwumiza, hilo nalikubali. Kwamba ilimwua, hapana. Mwaka 2017, kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 20 nchini kwao, aliwakimbilia Argentina kutoka katikati ya uwanja na kufunga. Mei 2018 alipiga shuti la mpira wa kona uliookolewa, San Siro, dhidi ya Milan. Verona walilala 4-1 lakini bao lilikuwa la kukumbukwa. Septemba mwaka huohuo, fainali ya Michezo ya Asia dhidi ya Japani, aliuwahi mpira miguuni mwa Son Heung-min na kuutia wavuni katika muda wa nyongeza. Korea wakashinda 2-1, na medali ile ya dhahabu ikawaondolea kikosi kizima mzigo wa kutumikia jeshi.

Umeona mtiririko? Matukio. Lee ni mchezaji wa matukio. Makocha wa Italia na Ubelgiji walitaka winga anayerudi kukaba beki anapopanda, wiki baada ya wiki, na Lee hakuwahi kuwa huyo. Sidhani kama mechi 60 za vijana zingembadilisha. Paik, aliyefungiwa naye siku ileile, alijigeuza kiungo mkabaji, akapita Girona na Darmstadt, akaifunga Brazil kwenye Kombe la Dunia 2022, na yuko Birmingham City.

Nyumbani Lee alifunga mabao 14 ya ligi mwaka 2022, 10 mwaka uliofuata, akahamia Jeonbuk 2024. Huko mara nyingi ametokea benchi, na bado mwaka 2025 ametwaa ubingwa wa ligi na bao lake la muda wa nyongeza likaipa timu Kombe la Korea. Kuiita kazi hiyo kushindwa ni kuitukana K League, ligi kuu ya Korea.

Wakorea wenyewe wamebadili njia. Winga Yang Min-hyeok, akiwa na miaka 18, alimaliza kwanza msimu mzima wa 2024 na klabu ya Gangwon ya huko kwao, mabao 12, ndipo akaenda Tottenham. Mwaka 2025 akazungushwa kwa mkopo, QPR, kisha Portsmouth. Hakuwa na kikwazo cha FIFA wala kesi, na kikosi cha kwanza hakukipata mwaka huo.