Kifaa cha Kusomea Vitabu si Simu

Wanaotetea kitabu cha karatasi dhidi ya kifaa cha kusomea vitabu vya kidijitali wana hoja nzito, lakini ushahidi wanaoutoa mara nyingi unamhusu mshitakiwa mwingine. Hulalamikia mwanga unaochosha macho na jumbe zinazokatiza usomaji kila mara, na hayo ni makosa ya simu na kompyuta. Kifaa kama Kindle, kilichoingia sokoni Marekani mwaka 2007, hufanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Ndani ya uso wake mna vidonge vidogo mno vyenye chembe nyeusi na nyeupe. Umeme ukipitishwa, chembe za rangi inayotakiwa hupanda juu na kuunda herufi, kisha herufi hutulia hapo bila kutumia umeme zaidi hadi msomaji afungue ukurasa mwingine. Uso huo huakisi mwanga kama karatasi, ndiyo maana husomeka vizuri hata katika jua la mchana.

Takwimu inayopendwa sana ni ya mwaka 2018, watafiti walipojumlisha tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000 na kukuta kwamba waliosoma kwenye karatasi walielewa vizuri zaidi. Wengi huishia hapo. Wachache huongeza kwamba tafiti hizo zilichanganya vifaa mbalimbali, kompyuta zikiwamo. Kwamba pengo liliongezeka pale msomaji alipobanwa na muda. Na kwamba katika matini za kisimulizi peke yake pengo halikuonekana. Yaani matokeo hayo yanamhusu zaidi mwanafunzi anayekimbizana na saa kuliko mtu aliyejinyoosha na riwaya yake jioni, na kumtisha huyu wa pili kwayo si haki.

Utafiti unaostahili kutajwa zaidi ni ule wa mwaka 2019, uliofanywa na watafiti wa Norway na Ufaransa: wasomaji 50 walipewa hadithi moja ya kurasa 28, wengine kwenye Kindle na wengine kwenye kitabu. Katika vipimo vingi walilingana. Waliosoma kitabu walishinda katika kukumbuka mfuatano wa matukio, na hili silipuuzi, kwa kuwa mkono unaohisi kurasa zilizosomwa zikiongezeka upande mmoja na zilizobaki zikipungua upande wa pili huenda humsaidia msomaji kujua alipo.

Lakini yuko msomaji ambaye mjadala huu humsahau: mzee ambaye macho yamepungua nguvu. Vitabu vya Kiswahili vyenye maandishi makubwa ni adimu, na miwani pekee haimtoshi kila mtu. Kwenye kifaa, mzee huyo hukuza herufi hadi maneno matano tu yaenee katika mstari, akaendelea kujisomea bila kumsubiri mjukuu atoke shule aje amsomee. Sioni faida yoyote ya karatasi inayoweza kuwekwa mizani moja na hiyo.

Upande wa umiliki, karatasi inashinda waziwazi. Mwaka 2009 Amazon, kampuni inayouza Kindle, iliondoa kwa mbali nakala za riwaya za George Orwell kutoka kwenye vifaa vya watu waliokwisha kuzilipia, jambo ambalo hakuna muuza vitabu angeweza kulifanya kwenye rafu ya mtu nyumbani. Kitabu cha karatasi huazimwa, hurithiwa na huuzwa tena. Isitoshe, riwaya nyingi za Kiswahili bado hazipatikani kidijitali, na kwa msomaji wetu hiyo ndiyo kasoro kubwa kuliko zote, ingawa kuirekebisha ni kazi ya wachapishaji, si ya kifaa.